Mbwa mwoga anayeng'ata: mwongozo kamili wa kumlea mpaka apate nyumba

Wengi wanaolea mbwa wa kuokotwa hapa Dodoma hukwama mahali palepale. Siku ya kwanza mbwa kajikunyata kwenye kona ya banda, hali, hataki kutazamana na mtu. Siku ya tatu kamaliza chakula chote, mkia umelegea, mlezi kafurahi, ananyoosha mkono amshike kichwani. Anang'atwa. Wiki haiishi mbwa yuko barabarani tena, au kafungwa mnyororo nyuma ya nyumba na getini pameandikwa "Mbwa Mkali".

Mwongozo huu ni wa siku hiyo ya tatu na miezi inayofuata. Shika jambo moja kabla ya mengine yote: mbwa mwoga hung'ata pale umbali kati yake na anachokiogopa unapokwisha huku hana pa kukimbilia. Kazi yako, kuanzia kujenga banda hadi siku ya kumkabidhi, ni kumpa umbali wa kutosha, halafu kumwachia yeye aupunguze kwa miguu yake.

## Nani asianze

Ukiwa na mtoto anayetambaa au wa umri wa chekechea, na uwanja wenu ni mmoja bila uzio wa ndani, acha. Ukiwa mpangaji kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye choo cha nje, acha pia. Hata mbwa akitulia, jirani atakayejikwaa kwake saa nane usiku hatakuelewa.

Na kama unachotaka ni mlinzi, tafuta mtoto wa mbwa umkuze. Mbwa mwenye hofu ni mlinzi mbaya: humbwekea mwanao na mwizi kwa sauti ileile, na siku mwizi akimkabili kwa dhati anaingia chini ya gari.

Jipange kwa miezi mitatu hadi sita. Wapo wanaochukua mwaka.

## Kwanza kabisa: kichaa cha mbwa

Hofu ina mpangilio. Ukimsogelea anaunguruma, ukirudi nyuma anatulia. Mbwa mwenye kichaa hana mpangilio huo: tabia imebadilika ghafla, anang'ata ovyo hata mawe na miti, mate yanamtoka mfululizo, taya limelegea, sauti imekwaruza, miguu ya nyuma haina nguvu. Wapo pia wenye kichaa cha kimyakimya, ambao wamelegea tu na kujificha gizani, na hao ndio huwadanganya watu wenye huruma. Ukiona dalili hizi usimshike wala usimfungie kwako. Zuia watoto, kisha toa taarifa kwa daktari wa mifugo wa kata au ofisi ya mtendaji.

Virusi vya kichaa hukaa mwilini kimya, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine zaidi, kabla ya dalili kutokea. Kwa hiyo mbwa aliyechomwa sindano leo bado si salama kwa asilimia mia, maana huenda aling'atwa mwezi uliopita. Kama unakusudia kulea mbwa wa kuokotwa mara kwa mara, uliza hospitali kuhusu chanjo ya kujikinga kabla hujang'atwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla mbwa hajafika

- Banda la peke yake, angalau mita 2 kwa 3, lenye paa na kivuli cha mchana kutwa.
- Wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko ngumi. Wavu wa kuku hautoshi, ataupasua kwa meno usiku mmoja.
- Pipa la plastiki la lita 200, lililokatwa mdomo upande mmoja na kulazwa chini, liwe pango lake. Hakikisha halikubeba kemikali.
- Kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa mita moja hivi. Kazi yake utaiona hatua ya kwanza.
- Mabeseni mawili mazito ya maji.
- Mkanda mpana wa shingo, mkanda wa kifuani, na kamba mbili imara. Ongeza kamba nyembamba ya mita 5 isiyo na fundo wala kitanzi mwishoni.
- Kikapu cha mdomo, cha kumvisha mbwa asiweze kung'ata, cha waya au plastiki, chenye nafasi ya kufungua mdomo ndani yake. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo usikinunue. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa jua letu la Oktoba na Novemba kumfunga mdomo asiheme ni kumhatarisha.
- Sabuni ya mche na ndoo ya maji yenye bomba, vikae jirani na banda wakati wote, hata siku za mgao.
- Daftari na kalamu.

Kwenye chakula: dona, dagaa, na mapupu au maini kutoka bucha. Vitu vya ndani ya mnyama vichemshwe mpaka viive kabisa. Mbwa anayelishwa mapupu na maini mabichi ya mbuzi na kondoo hupata minyoo ya tegu, na mayai yake humfikia binadamu na kumwachia malengelenge ya maji kwenye ini au mapafu. Mapupu yaliyochemshwa yakatwe vipande vidogo vya saizi ya punje ya mahindi, yawe ndiyo malipo yake ya mafunzo.

Na kwa kuwa tuko Dodoma, sina budi kulisema hili: zabibu ni sumu kwa mbwa. Mbichi, kavu, hata makapi yaliyobaki baada ya kukamua. Zinaharibu figo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wenye mashamba ya zabibu mjengee banda mbali na mizabibu. Vitunguu na chokoleti navyo asipewe, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hupasuka kama sindano.

Fimbo na mnyororo havimo kwenye orodha. Mbwa aliyefungwa mnyororo hana umbali wa kuongeza, kwa hiyo analazimika kupigana.

## Hatua ya 1: Jenga banda linaloruhusu kukimbia

Banda liwe na njia ya kujificha na njia ya kutoka kwenye maficho bila kukutana nawe. Weka pipa kona ya mbali na mlango, mdomo wake ukiangalia ukuta wa pembeni. Mbwa akiwa ndani anasikia watu bila kuonekana.

Udongo wetu mwingi ni wa kichanga na mbwa hufukua, ama kutoroka, ama kutafuta ubaridi. Zika wavu futi moja na nusu chini, au panga mawe makubwa kuzunguka msingi. Uzio wa michongoma au minyaa unazuia mbuzi. Mbwa aliyeogopa anapenya.

Mabati matupu yakipigwa na jua la saa saba banda linakuwa tanuri. Tandaza nyasi kavu juu yake au funga turubai nusu mita juu ya bati ili hewa ipite katikati. Juni na Julai tatizo ni upepo wa usiku: ziba upande unaovumia na umwekee magunia makavu.

Sasa lile bomba. Lipitishe kwenye ukuta au mlango, kwa mteremko, mwisho wake uangukie ndani ya beseni. Chakula utamiminia nje. Mlezi anayeingia bandani mara mbili kwa siku kuweka sahani anamtisha mbwa mara mbili kwa siku, halafu anashangaa mbona hazoei.

Weka milango miwili ukiweza, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Mbwa wengi hupotea katika wiki ya kwanza, na aliyekwisha kutoroka hushikika kwa shida mara mbili.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kumlisha, kumpa maji na kumtazama bila kuingia ndani.

## Hatua ya 2: Mlete, na sindano iwe siku hiyohiyo

Mwite daktari wa mifugo awepo wakati wa kumkamata au kumshusha. Akiwa bado kwenye tundu la kusafirishia, achomwe chanjo ya kichaa, apewe dawa ya minyoo na ya kupe, atazamwe majeraha. Sababu ni hii: siku hiyo ameshaogopa kupita kiasi na hofu yote itahesabiwa kwa wageni wale na tundu lile. Ukisubiri wiki tatu mpaka aanze kukuamini ndipo umkabe achomwe, hesabu inakuwa juu yako.

Msafirishe jioni au alfajiri, ndani ya tundu lililofunikwa shuka, kwenye kirikuu au gari lenye nafasi. Bodaboda hapana. Ukifika, elekeza mlango wa tundu ndani ya banda, ufungue, ondoka. Usimvute wala usimwinamishie tundu. Akikaa humo mpaka asubuhi, akae.

Muulize daktari kuhusu maumivu hasa: masikio, meno, mfupa uliovunjika zamani, vidonda vya kwato za ng'ombe. Mbwa anayeumwa hafundishiki, na baadhi ya "wakali" hupona ukali wao wote kwa kutibiwa sikio. Jike au dume lenye uvimbe unaovuja damu sehemu za siri huenda lina ile saratani inayoambukizwa kwa kupandana, ambayo mbwa wa mitaani wanayo sana. Inatibika kwa sindano, usimkatie tamaa.

Kupe usiwaue kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe uliyokadiria kwa kizibo. Kipimo kikizidi kinaweza kumuua mbwa.

Kuhasi kufanyike baadaye mwili ukishapata nguvu. Kunazuia watoto na maradhi, lakini hakuondoi hofu. Wanaosema "mhasi atapoa" wanazungumzia madume wanaopigania majike, ambayo ni habari nyingine.

## Hatua ya 3: Mwache

Siku tatu mpaka wiki nzima ya kwanza hakuna mafunzo. Chakula kwa bomba, asubuhi na jioni saa zilezile. Mbwa aliyekonda sana apewe kidogo kidogo mara nne, maana tumbo lililozoea njaa likijazwa ghafla linaumwa.

Wageni wasiletwe kumwona. Watoto wa mtaa watakuja tu. Waambie mapema, na mmoja mkubwa mpe kazi ya kuwazuia wenzake. Huyo huyo atakuwa msaidizi wako hatua ya tisa.

Asipokula siku ya kwanza usiwe na wasiwasi. Asipokunywa maji siku nzima, au asipokula siku tatu, mpigie daktari.

*Umefaulu ikiwa* anakula ungali unaonekana kwa mbali, analala ubavu, na anatoka kwenye pipa mchana.

## Hatua ya 4: Soma mwili wake

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo meno hutokea. Kaa nje ya banda, ubavu kwake, na daftari. Andika kinachotokea kabla ya kubweka.

Mbwa hupanda ngazi. Kwanza anageuza uso, analamba midomo ilhali hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi. Kisha masikio yanalala, mkia unaingia katikati ya miguu, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Halafu anaganda: mdomo umefungwa, pumzi haionekani. Kuganda kwa sekunde moja ni onyo kubwa kuliko kubweka kwa dakika kumi. Baada yake ndiyo muungurumo, meno, na kuuma.

Muungurumo usiuadhibu kamwe. Mbwa aliyechapwa kwa kuunguruma hubaki na hofu ileile, ila anaacha kuonya. Wale wanaosemwa "ameuma bila hata kuunguruma" mara nyingi walifundishwa hivyo kwa mateke.

Tazama pia kitu kimoja mahususi. Inama ufunge kamba ya kiatu mbele ya mbwa aliyekulia mtaani. Kabla vidole havijagusa kiatu, masikio yameshalala, uzito umehamia miguu ya nyuma, na kama nyuma yake kuna ukuta, mdomo wa juu unaanza kukunjamana. Kwake mtu anayeinama anaokota jiwe. Kwa hiyo siku zote za mwanzo usiiname. Ukitaka kuwa mfupi, kaa kwenye kigoda kabla hajatoka kwenye pipa. Ufagio, mpini wa jembe, fimbo ya mchungaji na mkono ulioinuliwa kuwasha taa vina historia hiyohiyo.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kusema, kabla hajabweka, kwamba sasa atabweka.

## Hatua ya 5: Rusha chakula nyuma yake

Watu wengi humwonyesha mbwa nyama mkononi ili aje. Njaa inamleta, anafika, anagundua yuko karibu mno na mtu, anaogopa, anauma mkono ule ule uliomlisha. Fanya kinyume.

1. Kaa kwenye kigoda nje ya wavu, ubavu kwake, usimtazame machoni.
2. Akikutazama tu, rusha kipande cha pupu kipite juu yake kianguke *nyuma* yake. Rusha kwa mkono wa chini, kiganja juu. Mkono ulioinuliwa ni jiwe.
3. Atageuka kwenda kukichukua. Amepata malipo mawili: chakula, na umbali.
4. Akirudi kukutazama, au akisogea hata nusu hatua, rusha tena nyuma.
5. Acha angali anataka. Dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku.

Baada ya muda utaona anarudi upesi na anasogea zaidi kila anaporudi. Anasogea kwa sababu ana uhakika kwamba kukusogelea hakumnasi. Siku akikaribia wavu kwa mwili uliolegea, hamia ndani ya banda, rudi kwenye umbali mkubwa na uanze upya. Acha mlango wa pili nyuma yako, kaa upande ambao hauzibi njia ya pipa.

Akikataa pupu analolipenda, uko karibu mno. Ongeza umbali, usiongeze nyama.

*Umefaulu ikiwa* anakuja mwenyewe na kukunusa, wewe mikono ikiwa mapajani.

## Hatua ya 6: Mguso

Mguso wa kwanza uwe wake. Akinusa goti lako mara kadhaa kwa siku tofauti, legeza mkono pembeni ya mwili, kiganja wazi. Akigusa kwa pua, mpe kipande. Baadaye mguse kifuani au upande wa shingo kwa nyuma ya vidole, hesabu tatu, toa mkono. Subiri. Akisogea kuomba tena, endelea. Akisimama tu, au akigeuza uso, jibu lake ni hapana na limetosha kwa leo.

Kichwa, mkia, miguu na tumbo viache mwisho. Kumkumbatia usimkumbatie, hata akishakuzoea.

Chakula chake na mfupa wake usimnyang'anye kumwonyesha nani mkubwa. Ukihitaji kumwondolea kitu, rusha kitu bora zaidi mbali, aende, ndipo uchukue kile cha kwanza wakati hakuoni.

## Hatua ya 7: Kikapu cha mdomo

Kila mbwa wa aina hii ajue kuvaa kikapu, hata akitulia kabisa, maana siku moja atahitaji kushonwa jeraha au kupanda gari.

Weka pupu ndani ya kikapu, kishike kama kikombe, aingize pua mwenyewe na kutoa. Siku kadhaa ni hivyo tu. Kisha pua ikae ndani kidogo huku unapenyeza vipande mbele. Kisha gusisha mikanda shingoni bila kufunga. Kisha funga, mpe vitatu, fungua. Ongeza muda polepole. Akijikwangua kwa miguu ya mbele umekimbia. Rudi hatua mbili.

Kikapu kisitumike kumlazimisha kukubali kile asichoweza. Mbwa aliyezibwa mdomo huku akishikwashikwa na wageni kumi anajifunza kuwa kikapu ni balaa.

## Hatua ya 8: Kamba na kutoka nje

Kamba ile nyembamba iburuzwe bandani ukiwepo, mpaka asiijali. Kisha ishike bila kuivuta, mfuate yeye. Nje ya geti avae mikanda yote miwili, wa shingo na wa kifuani, kila mmoja na kamba yake. Mbwa akiogopa hurudi kinyumenyume na mkanda wa shingo pekee hutoka kichwani.

Saa nzuri ni asubuhi mapema au jioni jua likishuka. Weka mgongo wa kiganja kwenye ardhi upime joto. Usipovumilia sekunde tano, naye hatavumilia. Alfajiri kabisa ndiyo tulivu zaidi, ila ni saa ya watu kwenda swala. Jirani Mwislamu aliyetawadha hataki mate ya mbwa kwenye nguo, na ana haki. Mpitie siku moja kabla: "Shikamoo mzee. Nina mbwa namfundisha, nitakuwa nampitisha upande wa shule ili nisikutane na nyie mkienda msikitini." Mzee aliyeambiwa kwa heshima ndiye atakayekutetea kwa mjumbe.

## Hatua ya 9: Vitisho, kimoja baada ya kingine

Andika orodha: wanaume, bodaboda, watoto wanaokimbia, mafundi wa mabati, wachungaji na fimbo zao, mbwa wengine. Anza na kile kinachomtisha kidogo.

Tafuta umbali ambao anakiona kitisho na bado anaweza kula. Kwa bodaboda inaweza kuwa mita 50, na viwanja vya wazi vya Iyumbu au Nzuguni vinafaa kuliko uchochoro wa Majengo. Bodaboda ikitokea, *ndipo* pupu linatoka, moja baada ya jingine. Ikipotea, pupu linakoma. Utaratibu huu usigeuzwe. Ukitoa chakula kwanza ndipo kitisho kije, atajifunza kuwa mfuko wa nyama ni dalili ya hatari na ataanza kukukimbia wewe.

Dalili kwamba imeingia ni hii: anaiona bodaboda, kisha anakugeukia akisubiri. Hapo sogea mita chache, si zaidi.

Kwa watu, tumia msaidizi anayeelewa maelekezo. Apite mbali, asimame, asimwite, asimtazame, arushe vipande nyuma ya mbwa kama ulivyofanya wewe. Watu wazima ndio wagumu kuwaambia. Kila mtaa una mjomba anayesema "mimi mbwa wananipenda" huku kanyoosha mkono. Simama katikati yake na mbwa: "Shikamoo mjomba, huyu bado mgonjwa, naomba ukae hapo tu." Neno mgonjwa hufanya kazi pale neno mwoga linaposhindwa.

Hofu hujikusanya. Asubuhi kapita trekta, mchana jirani kapaua mabati, jioni mgeni kagonga geti. Mgeni ndiye anang'atwa, na watu husema mbwa kaanza upya. Siku nzito ikifuatwa na siku mbili za banda na usingizi bila mafunzo, hukupoteza kitu.

Kuku na mbuzi wajaribiwe kwa namna hiyohiyo, wavu ukiwa katikati. Hapa kwetu nyumba isiyo na kuku ni chache, na mbwa aliyeua kuku wa jirani mara moja ameshajifungia milango mingi.

*Umefaulu ikiwa* anaogopa na kurudi katika hali yake ndani ya dakika chache, bila kung'ang'ania kitisho.

## Akimng'ata mtu

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, hata likiwa mkwaruzo tu. Majivu, pilipili, mafuta ya taa na sarafu visiguse kidonda. Kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa chanjo, na aliyeng'atwa amalize sindano zote za ratiba atakayopewa. Kadi ya chanjo ya mbwa kuwa imejazwa si sababu ya kutokwenda. Gharama ni yako, usisubiri kuombwa.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kutazamwa siku 10 chini ya daktari wa mifugo, kwa sababu mbwa aliyekuwa akitoa virusi vya kichaa kwenye mate siku ya kung'ata ataonyesha dalili au kufa ndani ya muda huo. Ukimuua na kumzika, umezika na jibu. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mwenyewe kabla habari haijamfikia ikiwa imekua.

## Asipobadilika

Wapo. Mbwa anayeuma kwa nguvu na kung'ang'ania, bila onyo, watu anaowajua, baada ya miezi ya kazi hii na daktari akiwa hajaona maumivu, hafai kupewa mtu mwingine. Kumfungia mnyororo maisha yote si huruma. Kumpeleka "kijijini kwa mjomba Kongwa" ni kuhamisha jeraha kwenda kwa mtoto usiyemfahamu. Mazungumzo ya kumlaza moja kwa moja kwa sindano ni ya daktari wa mifugo, si ya sumu wala panga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, mbwa akiwemo.

## Hatua ya 10: Nyumba ya kudumu

Atakayekupigia kwanza atauliza, "Ni mkali?" Anataka ndiyo. Huyo usimpe. Wa pili ataulizia bei au aina. Unayemtafuta huuliza anakula nini, analala wapi, anaogopa nini.

Nenda ukaone nyumba. Uzio uwe wa tofali au wavu, geti lijifunge, kuwe na kona ya pango. Uliza nani anakuwa nyumbani mchana, na dada wa kazi aulizwe mwenyewe kama anamtaka mbwa, maana ndiye atakayekaa naye. Watoto wawe wakubwa wa kuelewa "usimguse akila".

Mchukuaji aje kwako mara kadhaa kabla, aanze na kigoda na pupu nje ya wavu kama ulivyoanza. Mbwa asiyemkaribia mwenyewe kufikia ziara ya nne au ya tano hajamkubali.

Mwandikie kila kitu: chanjo na tarehe ya kurudia, vitisho vilivyobaki, na kila mara aliyouma, nani, katika hali gani. Wengi huficha hili wakihofia kukataliwa. Atakayekataa kwa kulisikia angemrudisha baada ya kuliona, au angeumia kwanza.

Siku ya kumkabidhi mpe pia pipa lake na gunia lake bila kulifua, kikapu, na chakula cha wiki moja, kilekile alichokizoea. Huko kwa mwenyeji mpya aanze hatua ya 3 upya: wiki moja bandani, bomba ukutani, hakuna wageni. Ataonekana amerudi nyuma. Safari hii atapanda haraka. Piga simu siku ya pili, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza. Na muandikiane kwamba ikishindikana mbwa anarudi kwako, si sokoni, si kwa shemeji, kwa hiyo banda lako usilivunje mpaka mwezi wa tatu upite.